Si Ali, au ni Ali?

Chukua maneno mawili: si Ali. Mswahili akiyasoma anaelewa kuwa aliyebisha hodi ni mtu mwingine. Mwindonesia anaelewa kinyume chake: ni Ali, yule yule tunayemjua. Kwao *si* hutangulia jina la mtu uliyemzoea, au sifa yake: *si kecil* ni yule mdogo. Usimwekee mkubwa wako. Itaonekana umemvunjia heshima.

Kitagalogi kina *si* ya aina hiyo hiyo, ila huko haina utani wala dharau. Ni lazima tu jina la mtu anayezungumziwa litanguliwe nayo, na wakiwa wengi inakuwa *sina*. *Guro si Ali* maana yake Ali ni mwalimu. Mswahili anayesoma harakaharaka atadhani kuna Guro fulani ambaye siye Ali.

Lugha zilizotokana na Kilatini ndizo zenye mtego mkubwa zaidi, kwa sababu *si* zao zina asili zaidi ya moja. Kilatini kilikuwa na *si* ya sharti, yaani “ikiwa”, na *sic*, yaani “hivyo”. Hiyo ya pili ndiyo iliyozaa “ndiyo” ya Kiitalia na Kihispania. Kwa hiyo kwenye Kihispania alama ndogo juu ya herufi hubeba kila kitu: *si Ali viene* ni “Ali akija”, *sí, Ali viene* ni “ndiyo, Ali anakuja”. Wengi huiacha alama hiyo wanapoandika kwenye simu, hapo mkato na maneno ya jirani ndiyo ya kutegemea. Kiitalia nacho huandika *sì* kwa “ndiyo”, na *si* isiyo na alama hufanya kazi kama *-ji-* yetu: *si lava*, anajiosha.

Kifaransa kimeweka *si* ya kupinga, na hapa ndipo Mswahili huteleza. Ukiulizwa “Huji?” nawe ukajibu “Ndiyo”, umekubali kwamba huji. Mfaransa akiuliza *Tu ne viens pas ?* hapangi hivyo. Kama utakuja, jibu ni *si*. Kama huji, ni *non*. *Oui* itamwacha njia panda. Dawa ni kuusahau ukanushi wa muulizaji na kutazama tendo lenyewe: lipo, *si*, halipo, *non*. (Na *si* hiyo hiyo ni “ikiwa”, tena ni “mno” mbele ya sifa. Maskini Wafaransa.)

Kizulu ni ndugu yetu wa Kibantu, kwa hiyo unatarajia nafuu. Huipati. *Si-* yao ni “tu-” yetu: *siyabonga*, tunashukuru, *siyahamba*, tunakwenda. Hakuna anayekataa chochote.

Kwenye Kichina sanifu kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, *sì* yenye toni inayoshuka ni nne, na *sǐ* yenye toni ya chini ni kufa. Ndiyo sababu majengo mengine huruka ghorofa ya 4. Irabu yake pia siyo *i* yetu. Ni kama kuivuta *s* huku meno yakikaribiana.

Nyumbani nako hakuna utulivu. *Si* ya kukana kitu husimama peke yake, *si-* ya mimi hushikana na kitenzi, na nafasi moja hubadili maana: “jana sikusoma” ni kukiri, “shida si kusoma, shida ni kuelewa” ni hoja. Tena kuna “si nilikuambia!”, ambayo kwa umbo inakana lakini kwa sauti inathibitisha. Ukiiingiza kwenye programu ya kutafsiri, usiiachie ikisie lugha kwa neno moja. Ichagulie Kiswahili mwenyewe, uipe sentensi nzima, na alama ya mshangao usiiache nje.