Vua na soksi: siku moja maishani mwangu kliniki ya sukari, Moshi

Saa 11 alfajiri. Nje bado giza na mwezi huu wa 7 Moshi kuna kaubaridi kanaingia mpaka kwenye mifupa, naamka nawasha jiko nakoroga uji wa mama, naufunika, alafu ndo naoga. Leo Jumanne, kliniki ya sukari. Siwezi kuchelewa kwa sababu watu tumewaambia waje hawajala tangu jana usiku, na mgonjwa wa sukari kumkalisha na njaa kwenye benchi bila mtu wa kumwangalia ni hatari kabisa.

Saa 12 na robo niko kwenye daladala natoka Pasua. Mlima umefunguka, Kibo yote iko wazi, ikifika saa 3 hivi mawingu yatakuwa yameshaifunika.

Saa 1 asubuhi. Benchi zimejaa, kuna wa Uru, wa Kibosho, wa Marangu waliopanda Noah usiku usiku. Mi nikishawaamkia tu sianzi na majina, nauliza, "Nani amemeza dawa au amejichoma insulini asubuhi hii na hajala?" Leo hamna aliyejibu, ila nkamwona bibi mmoja pembeni jasho linamtiririka na baridi yote hii, mikono inatetemeka. Shikamoo bibi, vipi? "Marahaba mwanangu, ni uchovu wa gari tu." Nkampima hapohapo, sukari 2.9, imeshuka mno. Alikuwa amemeza glibenklamaidi, kidonge chake cha kushusha sukari, saa 10 usiku kama kila siku, alafu akafunga kama tulivyomwagiza. Hilo kosa ni letu sisi watu wa kliniki, tulimwambia asile, hatukumwambia dawa asimeze kwanza aje nayo mkononi. Nikakorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji akanywa, dakika 15 nkapima tena, 4.6, akapewa chai na mkate. Lakini dawa ile inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena, kwa hiyo nikamhamishia kiti karibu na meza yangu akae hapo mpaka mchana, namtupia jicho na kumpima kila mara.

Saa 2 mpaka saa 4 ni vidole tu, kutoboa, tone la damu, stripu (kile kikaratasi cha kupimia), kuandika kwenye daftari. Mtu akija mara ya kwanza hajala na akasoma 7.0 au zaidi, na hana dalili zozote, hatumwambii una kisukari siku hiyohiyo, tunarudia siku nyingine kuhakikisha. Kati ya 6.1 na 6.9 yuko njiani, na huyo ndo wa kukaa naye chini muongee vizuri maana bado ana nafasi kubwa ya kugeuza.

Akaja mama mmoja anauza mapapai sokoni Mbuyuni, 17.3. Nikashtuka, daftari lake mwaka mzima ni 7 na 8. Nikashika vidole vyake vinanata kabisa, alikuwa amemenya papai akamwachia binti yake meza ndo akaja. Nikamwambia mama yangu nenda bombani, sabuni na maji, jifute ukauke. Kidole kingine, 7.6. Sukari ya tunda ikibaki kwenye ngozi mashine inaisoma kama ya damu, na kupaka spiriti peke yake haitoshi kuitoa. Fikiria kama ningemwongezea dawa kwa ile 17.

Alafu kuna baba mmoja anakuja kila mara na kidole kizuri, leo 6.4, anafurahi kweli. Lakini majibu ya kipimo cha miezi mitatu yamerudi asilimia 10.2, iko juu sana. Huyu wiki ya kliniki anajibana, anameza dawa zote na mbege hagusi, kliniki ikipita anarudi kulekule. Nikamweleza, baba, chembe nyekundu za damu zinaishi kama siku 120, sukari ikishajibandika kwenye chembe haibanduki mpaka chembe ife, kwa hiyo kidole kinaniambia leo, hiki kinaniambia tangu mwezi wa 4. Akanyamaza. Alafu akasema, "Sista, sikutaka ugombane na mimi." Iliniuma, maana kama mtu anaficha kwa kutuogopa basi sisi ndo tunatakiwa tubadilike. (Ila kipimo hiki kwa mwenye seli mundu au upungufu wa damu kinaweza kudanganya, lazima aseme mapema.)

Saa 5. Miguu. Hapa ndo moyo wangu ulipo na nitaeleza kwa nini. Mama yangu alihudhuria kliniki sehemu nyingine miaka 6, daftari limejaa namba za sukari na presha, na hamna siku hata moja mtu alimwambia mama vua viatu. Kidonda tulikigundua nyumbani kwa harufu. Alikatwa vidole viwili mguu wa kulia. Kwa hiyo kwangu haondoki mtu hajavua, na siyo viatu tu, na soksi.

Leo mzee mmoja wa Kibosho akagoma kidogo, anasema mwanangu miguu yangu haina shida, zamani ilikuwa inawaka moto usiku nashindwa kulala, sa hivi imepona kabisa, haiumi. Nikasikia hivo nikajua. Nikamwinamia nkamsaidia kuvua buti. Soksi ya kushoto ilikuwa imegandia, nikailowesha polepole, na chini ya dole gumba kulikuwa na punje ya hindi imezama kwenye ngozi, pembeni pameshavilia damu. Ametembea nayo shambani, akapanda nayo gari, akakaa nayo kwenye benchi masaa manne.

Nikachukua ule uzi wa nailoni, ni kama wa mshipi wa kuvulia samaki, ukiukandamiza mpaka ukapinda unakuwa umebonyeza kwa uzito wa gramu 10. Nikamgusa kwanza mkononi ajue unavyohisi, nikamwambia fumba macho babu, ukisikia sema ndiyo. Nikagusa dole gumba, nikagusa chini ya vidole, sehemu nne. Kimya. Akauliza macho yamefumba, "Mbona huanzi mwanangu?"

Nilishindwa kumjibu haraka. Ule moto uliopoa haukuwa kupona, ni mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Nikapapasa mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo, yapo, nikamshukuru Mungu, damu inafika. Tukasafisha, dokta akamwona, akaambiwa asikanyage mno mguu huo na arudi Ijumaa. Nikamwonyesha kijana wake kukung'uta buti kabla ya kuvaa, kukagua nyayo kila jioni, maji ya kuoga apime kwa kiwiko asipime kwa mguu, na sugu asizikate na wembe.

Saa 7 nilikula makande nimesimama. Mikojo ikaenda maabara kuangalia albumini, ni aina ya protini, maana ile stiki ya kawaida inaona protini ikishakuwa nyingi, figo zinapoanza kuvuja kidogo kidogo inapitwa.

Saa 8 mchana, macho. Mwenzetu wa macho ana ile kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho, anaweka matone kwanza kutanua mboni. Kijana wa boda, miaka 41, amekuja na pikipiki yake, anasema mi naona vizuri dada, nasoma mpaka namba ya gari iliyoko mbali. Nikamwambia funguo niachie, haya matone yanatia ukungu masaa kadhaa, hauendeshi. Picha ilipotoka ina vidoti vyekundu, damu inavuja kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, macho yote mawili na yeye hajui. Kisukari chake ni cha mwaka juzi tu, lakini kile cha ukubwani kinaweza kukaa mwilini miaka hakijagunduliwa, ndo maana macho yanapimwa tangu siku ya kwanza, hausubiri kuona giza. Ameandikiwa rufaa ya idara ya macho hospitali ya KCMC. Nikakaa na funguo zake mfukoni mpaka saa 11, mdogo wake ndo akaja kuchukua pikipiki.

Saa 12 jioni niko nyumbani. Mama kaniwekea kiporo cha mtori. Baada ya kula nawasha tochi ya simu, naweka mguu wake kwenye mapaja yangu, natazama kati ya vidole vilivyobaki, nageuza unyayo. Kisigino cha kushoto kuna ufa mdogo, Jumapili haukuwepo. Nikaupaka mafuta mazito, nikaandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. "Umeona nini?" anauliza. Ufa mama, mdogo. "Haya, kesho utauangalia tena."