Ami kauliza kama maji ya huko yanakupwa

Juzi umeme ulikatika hapa Sahare, Tanga, baada ya Isha, nikateremka pwani. Nikamkuta ami yangu kaegemea ngalawa, anashona wavu kwa tochi ya simu (simu ileile ninayomtengenezea kila mwezi bila kulipwa). Mwezi ulikuwa gizani, nyota zimejaa. Nikamwonyesha kusini zile mbili kali zinazofuatana.

"Ile yenye mwanga zaidi ni Alpha Centauri. Ina mwenzake mwekundu, Proxima, haonekani kwa macho. Mwaka 2016 wataalamu wakatangaza kwamba ana sayari."

"Wanakaa watu?"

Hapo ndipo wengi hukosea. Wakisema sayari "inakalika" wanamaanisha imekaa umbali ambao maji, kama yapo, yasingechemka yote wala kuganda yote. Kiwanja chenye kisima si nyumba. Tena ile imeisogelea nyota yake mno, inaizunguka kwa siku 11 tu, na kwa ukaribu huo huenda upande mmoja ni mchana daima na wa pili usiku daima, kama mwezi wetu unavyotuonyesha uso uleule.

Ami akaacha sindano. "Mwezi inao?"

"Haujaonekana."

"Sasa maji yake yanakupwa vipi?"

Sikuwa na jibu. Nimelifikiria mpaka jana. Bamvua letu, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, ni mwezi na jua vikivuta pamoja, dunia ikijizungusha chini yake. Huko, kama kweli upande mmoja ni mchana daima, jua lake limeganda angani. Kama njia ya sayari ni duara, maji yaliyovutwa yatabaki yametuna palepale. Mawimbi ya upepo yawepo, lakini mwamba hautatoka majini hata siku moja.

Nilipompelekea jibu akacheka. "Na pweza wataokotwa wapi?"

Mimi hofu yangu ni hewa. Nyota hizi nyekundu hufyatua miale mikali inayoweza kupeperusha angahewa. TRAPPIST-1, nyota nyingine nyekundu umbali wa miaka ya nuru kama 40, ina sayari saba. Mwaka 2023 vipimo vya darubini ya James Webb kwa ile ya ndani kabisa havikuonyesha angahewa nzito. Za nje zaidi bado zina nafasi. Uhai mahali fulani naukubali, ila kwenye nyota nyekundu siweki hata mia yangu.

Ami hakungoja nimalize. "Mwambie shangazi yako kesho saa nne maji yatakuwa chini kabisa. Abebe mkonjo, kijiti cha kuchokolea pweza."