Nilivyochagua darubini ya joto ya kuwindia nguruwe pori Texas

Nguruwe pori wa Texas hawasubiri mahindi yakomae. Mwezi Machi, trekta ikishapanda tu, kundi linaingia usiku, linashika mstari mmoja na kufukua punje moja moja mpaka mwisho wa shamba, kisha linageuka na kuanza mstari wa pili. Asubuhi mkulima anakuta mitaro mitupu. Mimi ni mtu wa Kilosa, na hasara ya aina hii naifahamu tangu utotoni, tulipokuwa tukilala kwenye dungu na kupiga madebe usiku kucha. Ninapoishi sasa, bonde la mto Brazos, sheria inaruhusu kuwawinda usiku na mchana, mwaka mzima, kwenye ardhi binafsi, mradi mwenye ardhi amekubali. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 hata leseni ya uwindaji haihitajiki kwa nguruwe pori kwenye ardhi ya namna hiyo.

Shida ni kwamba nguruwe wakishawindwa wanakuwa wajanja. Mchana wanajificha vichakani kando ya mto, na ukiwamulika kwa tochi usiku wanatoweka kabla hujaweka bunduki begani. Darubini ya joto haitoi mwanga wowote. Inapokea mionzi ya joto inayotoka kwenye mwili wa mnyama na kuichora kwenye kioo kidogo mbele ya jicho lako. Ndiyo maana nikaamua kuinunua, na kwa kuwa bei yake si ya kuchezea (zenye sensa kubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea joto, mara nyingi hupita dola 3,000), nilisoma kwanza nikanunua baadaye.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuachana na namba inayoandikwa kubwa kwenye matangazo, yaani umbali wa kugundua. Darubini inaweza kutangazwa kuwa inaona zaidi ya mita 1,500. Ni kweli itaona joto huko. Lakini utakachoona ni doa jeupe, na doa huwezi kulipiga risasi. Namba ninayoitaka ni umbali ambao nikitazama nitajua kwa hakika kwamba huyu ni nguruwe, si ndama, si mbwa wa jirani, si mtu aliyeinama.

Hiyo unaweza kuikokotoa mwenyewe ukiwa na vitu viwili: ukubwa wa pikseli, yaani zile nukta ndogo za sensa zinazounda picha, na urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita inayotajwa pamoja na lenzi. Sensa nyingi za sasa zina pikseli za mikroni 12 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukiwa na lenzi ya milimita 35, pikseli moja inafunika kama sentimita 3.4 kwenye mita 100, na karibu sentimita 7 kwenye mita 200. Nguruwe mwenye urefu wa mita moja, akiwa amekupa ubavu mita 200, anapata pikseli kama 15 kutoka pua hadi mkia. Hapo umbo linasomeka: mgongo, kichwa, miguu. Kwenye mita 400 anabaki na pikseli saba hivi, na hakuna mjuzi atakayeapa kwamba ni nguruwe.

Hesabu hiyo ilinifunulia jambo ambalo muuzaji hakuligusa. Darubini ya sensa 384 na ya sensa 640 (namba hizi ni idadi ya pikseli kwa upana), zikiwa na lenzi ileile na pikseli za ukubwa uleule, zinamchora mnyama kwa pikseli idadi sawa. Tofauti kubwa ni upana wa uwanja. Kwa lenzi ya 35, ile ya 384 inakuonyesha upana wa mita 13 hivi kwenye umbali wa mita 100. Ya 640 inakuonyesha karibu mita 22. Kampuni nyingine hurahisisha mambo kwa kuweka namba hizo kwenye jina lenyewe: AGM wanapoandika TS35-384, maana yake ni lenzi ya milimita 35 na sensa ya 384.

Nilichukua 640 yenye lenzi ya 35, na kwa uwindaji wangu ningeichukua tena. Nguruwe wanatembea kwa kundi, na risasi ya kwanza ikilia wanatawanyika kila upande. Ukiwa na uwanja mwembamba unamwona mmoja, wengine huwajui walipo, wala hujui kama kuna ng'ombe aliyeingia katikati yao. Lenzi ya 50 ingenipa picha ya karibu zaidi, lakini uwanja ungepungua hadi mita 15 hivi, na mashamba ninayowinda yamezungukwa na miti. Mara chache napiga zaidi ya mita 150. Anayewinda kwenye tambarare za magharibi mwa Texas ana sababu nzuri ya kuchukua 50.

Namba nyingine isiyopaswa kudharauliwa ni uwezo wa sensa kutofautisha joto, unaopimwa kwa sehemu za elfu za nyuzi, yaani mK. Ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Bonde la Brazos lina unyevunyevu, na usiku wa ukungu majani, udongo na miti vinakaribia joto moja, picha yote inakuwa uji. Nilitafuta isiyozidi 25 mK na sikuyumba hapo. Ukuzaji wa kidijitali sikuujali kabisa, kwa sababu unatanua pikseli zilezile.

Kuisetia shabaha kunahitaji ujanja kidogo, maana karatasi ya kawaida ya shabaha haionekani kwenye joto. Wengine hubandika kifuko cha kupashia mikono, lakini kinatoa doa pana lenye kingo zinazotapakaa. Mimi hukata mraba mdogo wa utepe wa alumini, nikaubandika kwenye boksi la kadibodi, kisha nalilaza boksi kidogo kuelekea juu. Alumini inaakisi ubaridi wa anga, na kwenye kioo mraba unatokea mweusi, kingo zake kali kabisa. Napiga risasi tatu, natazama zilipokusanyika, nasogeza alama ya kulengea. Nikiifungua darubini kwenye bunduki hata kwa kuisafisha, nairudisha kwenye shabaha kabla ya kuwinda. Lenzi yenyewe imetengenezwa kwa elementi iitwayo germani (germanium), maana kioo cha kawaida kinazuia mionzi hii, na haifutwi kwa shati. Tumia kitambaa cha lenzi.

Kila baada ya muda darubini inajisawazisha: unasikia mlio mdogo ndani, na picha inaganda kidogo. Kundi likiwa karibu nazima usawazishaji wa kujiendesha na kuufanya kwa mkono kabla sijalenga.

Kutafuta wanyama natumia darubini ndogo ya mkononi, si ile ya kwenye bunduki. Anayekagua shamba kwa darubini ya bunduki anaelekeza mtutu kwa kila kitu anachokitazama, na kati ya hivyo huenda kuna mtu.

Usiku mmoja wa baridi niliona vitu vinne vimelala kando ya miti, vya duara, vyeupe, bila miguu kuonekana. Umbali na ukubwa vyote vilisema nguruwe. Upepo ulikuwa unanijia usoni, sikuwa na haraka, nikakaa. Baada ya muda kimoja kikaanza kuinuka, na kikatanguliza makalio juu huku kichwa na miguu ya mbele bado viko chini. Nikashusha pumzi. Ng'ombe huinuka hivyo. Nguruwe hutanguliza miguu ya mbele, akakaa kama mbwa, ndipo akasimama. Walikuwa ndama wa jirani waliopita kwenye uzio uliolegea. Tangu hapo mnyama aliyelala simpigi kamwe. Namsubiri asimame, atembee. Kulungu ana shingo ndefu na miguu myembamba, na Texas kumpiga usiku ni kosa la jinai. Nguruwe hana shingo, kichwa kiko chini, anakwenda mbiombio.

Darubini hii pia inaficha mambo. Mtu aliyekaa ndani ya gari lililofungwa vioo huenda usimwone kabisa. Picha ni bapa, umbali haukadiriki kwa jicho, na jiwe lililochomwa na jua linang'aa kwa saa kadhaa baada ya magharibi. Kwa hiyo kila shamba nalitembea mchana kwanza, napima umbali wa miti na nguzo kwa kifaa cha leza, najua nyumba na barabara ziko upande gani. Usiku nikilenga najua risasi itaishia wapi.

Kwa wanaopenda kitimoto: vaa glavu wakati wa kuchuna, kwani nguruwe pori hubeba bakteria wa ugonjwa wa bruselosi unaoambukiza binadamu kwa damu, na nyama iive hadi ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi.

Ndugu walioko Marekani kwa viza ya muda wapate ushauri wa kisheria kabla ya kushika bunduki. Sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza kumiliki silaha na risasi, isipokuwa kwa masharti machache. Na wanaoniomba niwatumie darubini hii nyumbani, siwezi: kuitoa Marekani bila kibali cha serikali ni kosa zito, Tanzania kuwinda usiku kumekatazwa, na Kenya uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mwaka 1977. Shambani Kilosa bado tunategemea dungu, na aliye na nguruwe wanaomaliza mazao apeleke taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.