Ukuta wa matumbawe hautaki saruji: nilivyorudisha chokaa kwenye nyumba ya zamani Bagamoyo

Watu watatu tofauti walinipa ushauri ule ule: ukuta unatoa chumvi, tindua, piga plasta ya saruji, changanya na unga wa kuzuia maji, basi umemaliza. Niliufuata. Ulikula masika nzima na uso wa mawe ambao haurudi tena, na bado nasikia ushauri huo huo ukitolewa kila nyumba ya zamani inapoguswa.

Nyumba iko mji mkongwe, hatua chache kutoka Mtaa wa India. Ni ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, kuta nene za nusu mita na zaidi, dari ya boriti za mikoko. Kwa kuwa iko eneo la kihistoria, nilianza na watu wa Mambo ya Kale kabla ya kugusa upande wa mbele. Anza huko na wewe.

Nilianza na chumba cha nyuma. Plasta kwa uwiano wa moja kwa nne, unene wa sentimita mbili na nusu, na wavu wa kuku umepigiliwa chini yake ili ishike. Siku ya kwanza ukuta ulinyooka kama meza. Masika ilipoingia, doa la unyevu ambalo zamani liliishia magotini likapanda hadi kifuani. Kisha ukigonga kwa mpini wa mwiko unasikia uwazi, sauti ya debe tupu. Mwisho plasta ikaanza kushuka kwa vipande vikubwa kama milango, na nyuma ya kila kipande kulikuwa na tabaka la matumbawe limeng'ang'ania saruji. Misumari ya wavu ilikuwa imeota kutu na kuvimba, kila mmoja umepasua jiwe lake.

Sababu ni hii. Nyumba hizi hazina karatasi ya kuzuia maji kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, halafu hutoka kwa kukauka kupitia plasta ya chokaa, ambayo ina vitundu vingi vidogo. Saruji yenye dawa huziba njia hiyo. Maji hayaachi kupanda. Hutafuta mahali pa juu zaidi pa kutokea. Na chumvi yaliyoibeba maji hayo, ambayo pwani haikosekani, hukauka nyuma ya plasta na kugeuka chembe ngumu zinazokua na kusukuma. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, kwa hiyo kinachovunjika ni tumbawe. Mzee mmoja fundi wa chokaa alikuja kuangalia, nikamwamkia, akaitika, akapitisha kiganja ukutani, akasema, "Mwanangu, nyumba hii mmeivalisha nailoni." Sikuhitaji maelezo mengine.

Kabla ya kugusa ukuta tena, tafuta maji yanatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, acha siku moja. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba tu, fungua madirisha. Kwangu yalikuwa ndani. Nikapima nje: njia imejazwa kifusi miaka na miaka hadi imekuwa juu kuliko sakafu yangu kwa kama shubiri moja, na mtu alishamwaga ukanda wa zege uliogusa ukuta. Maji ya bati yalianguka juu ya zege hilo na kurudi ukutani.

Zege likatoka lote. Nikachimba mfereji wa kina cha sentimita 40, wenye mteremko kuondoka kwenye nyumba, nikajaza kokoto bila vumbi. Hapa tahadhari: misingi ya nyumba hizi ni mifupi. Chimba kipande cha mita mbili, jaza, ndipo uhamie kingine, na usishuke kamwe chini ya kitako cha msingi. Mfereji wa bati nao ukawekwa. Kazi hiyo peke yake ilishusha unyevu kabla hata sijanunua chokaa, kwa hiyo nikauacha ukuta wazi miezi mitatu ukauke, nikipiga mswaki mkavu kila Jumamosi na kuzoa unga wa chumvi unaodondoka. Uzoe na uutupe mbali. Ukiuacha chini, unarudi ukutani na maji ya kupigia deki.

Kutindua saruji ndiko kulikokula hela na muda. Tumia tindo nyembamba na nyundo ndogo, anza kwenye nyufa na palipo wazi, lala na tindo usiisimamishe. Mahali ambapo saruji imeshika kwa nguvu kuliko jiwe, niliiacha hadi ilegee yenyewe. Ukiilazimisha unabomoa ukuta. Viungo kati ya mawe nilivikwangua hadi sentimita mbili au tatu, nikaondoa udongo uliokufa.

Sasa chokaa, na hapa ndipo watu wanapoibiwa. Mifuko mingi inaandikwa chokaa lakini ndani ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa. Yanafaa kupaka na kulishia kuku, hayashiki. Kipimo changu ni ndimu. Chukua kijiko cha unga, kamulia ndimu au siki. Ikitoa povu jingi, ni jiwe ambalo halijachomwa, au chokaa iliyokaa dukani ikavuta hewa hadi ikageuka jiwe tena. Chokaa nzuri iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, haitoi povu la maana. Nilizunguka maduka manne nikiwa na ndimu mfukoni, na mifuko ya maduka mawili ilichemka kama soda. Wauzaji hawakupenda. Endelea kukamua.

Ukipata chokaa mbichi ya mabonge kutoka tanuri, lazima uizime mwenyewe. Pipa la chuma, si la plastiki, maana joto lake linayeyusha plastiki. Maji yatangulie, ndipo bonge moja moja lifuate. Ukimwaga maji juu ya chokaa inalipuka usoni. Miwani ya kufunga, glavu za mpira, mikono mirefu, na ndoo ya maji safi karibu kwa ajili ya macho. Hesabu lita mbili na nusu hadi tatu za maji kwa kila kilo. Koroga hadi itulie, chuja kwa wavu wa matundu ya milimita tatu, kisha hifadhi uji huo chini ya vidole viwili vitatu vya maji usiguse hewa. Wangu ulikaa miezi ile ile mitatu ambayo ukuta ulikuwa unakauka. Chembe ambazo hazijazimika zikiingia kwenye plasta, zitavimba baadaye na kurusha vishimo kama vya ndui. Chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa nayo ilowekwe, angalau usiku mzima, wiki ni bora.

Mchanga uwe wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo. Wa ufukweni una chumvi na chembe zake zimelingana mno, haushikani. Tikisa mchanga kidogo kwenye chupa ya maji, acha utulie; tope likionekana kama tabaka nene juu, osha mzigo wote.

Na uwiano usiukariri. Upime. Jaza ndoo ya lita kumi kwa mchanga uliokauka kabisa, kisha mimina maji polepole kwa kikombe huku ukihesabu, hadi maji yaonekane usoni. Maji uliyomimina ndiyo nafasi iliyo kati ya chembe, na ndiyo kiasi cha chokaa unachohitaji kuijaza. Kwangu yaliingia lita tatu na nusu kasoro kidogo, yaani karibu moja kwa tatu. Fundi aliyekuwa akinisaidia alitaka moja kwa sita kwa mazoea ya saruji. Tulipiga kipande cha majaribio kwa uwiano wake. Baada ya siku kumi kilipanguka kwa ukucha. Cha moja kwa tatu kilibaki. Hatukubishana tena.

Changanya uji wa chokaa na mchanga bila kuongeza maji. Mwanzoni utaona kama haiwezekani. Ponda kwa koleo na kukanyaga kwa mabuti, nusu saa nzima, na mchanganyiko utalainika wenyewe. Maji ya ziada ndiyo yanayoleta nyufa. Wapo watakaokuambia utie kikombe cha saruji ili ishike haraka. Usikubali: unapata kitu kisicho chokaa wala saruji.

Mashimo makubwa kwenye ukuta yajazwe kwa vipande vya matumbawe na vijiwe vilivyogongwa ndani ya chokaa, si kwa chokaa tupu, kwani bonge nene husinyaa na kuachana na ukuta. Lowesha ukuta jioni ya jana na tena asubuhi. Uwe na unyevu bila kung'aa. Tabaka la kwanza nilitupia kwa mwiko kwa nguvu, jembamba, liingie vinyweleo. La pili milimita kumi, basi. Likwaruze kwa msumari mistari ya mshazari. Saa kadhaa baadaye, nyufa ndogo zikijitokeza, kandamiza kwa ubao wa mbao hadi zifunge. Ubao wa chuma unavuta maji ya chokaa juu na kuziba uso.

Chokaa haikauki tu. Inakomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, na inahitaji unyevu ili iivute. Ikikaukiwa na jua au upepo siku ya kwanza, inabaki unga daima. Ndiyo sababu nilifanya kazi hii kipupwe, Juni na Julai, nikakwepa upepo mkavu wa kaskazi. Nilining'iniza magunia ya katani yaliyoloweshwa mbele ya ukuta bila kuugusa, nikayanyunyizia asubuhi na jioni kwa siku saba. Tabaka la mwisho, milimita tatu hadi tano za mchanga laini, lilisubiri siku kumi.

Boriti mbili zilioza ncha ndani ya ukuta. Chomeka bisibisi: ikizama kama kwenye muhogo, badilisha. Simamisha nguzo za kubebea dari pande zote kwanza. Mikoko haikatwi bila kibali cha misitu, kwa hiyo nilitumia miti iliyotiwa dawa, ikalala sentimita 15 ndani ya ukuta, na kuzunguka ncha niliacha nafasi ya hewa. Ncha iliyozibwa kwa saruji huoza upya.

Rangi ya plastiki inarudisha nailoni ile ile. Nilipaka chokaa nyepesi kama maziwa, mara tano, kila koti siku yake, ukuta ukiwa umeloweshwa kidogo. Koti la kwanza halionekani kabisa hadi likauke, usiongeze uzito.

Gharama zote za chumba hicho sikuziandika vizuri. Vifaa havikufika nusu ya nilichotumia kwenye saruji, vibarua walizidi.

Nusu mita ya chini bado inatoa chumvi kidogo na itaendelea, kwa sababu chumvi ya miaka mingi imo ndani ya mawe. Naipiga mswaki mkavu, siioshi. Hapo plasta itachoka kabla ya jiwe, na baada ya miaka michache nitaitoa na kupiga nyingine. Pipa la uji wa chokaa liko uani kivulini, maji juu, mfuniko umefungwa, kwa ajili ya kipande hicho.