Siku moja maishani mwangu: zamu ya leba na mfuko wa uzazi uliopasuka

Saa 1:30 asubuhi. Tunakabidhiana zamu. Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Swali langu la kwanza kila zamu: nani ana kovu? Leo yupo mmoja. Uzazi uliopita alifanyiwa upasuaji, sasa uchungu umeanza wenyewe na dakta amekubali ajaribu kawaida. Kati ya dawa za kuanzisha au kuongeza uchungu, kwake oksitosini tunaiogopa, misoprostoli ni marufuku kabisa, maana kovu linaweza kupasuka. Namsikiliza mtoto kila baada ya dakika 15.

Saa 3. Mjamzito wa kliniki ananionyesha kovu lake la bikini, lile la kulala chini ya tumbo, anaamini ni salama. Namweleza kwamba alama ya kwenye ngozi haisemi mfuko wa uzazi ulichanwa wapi. Mfuko uliochanwa kwa kulala, sehemu ya chini, hupasuka kwa takriban mama 1 kati ya 200 wanaojaribu kujifungua kawaida. Ukichanwa wima sehemu ya juu, hatari huongezeka mara nyingi, na huyo hapaswi kungoja uchungu. Ndiyo maana namsihi alete karatasi aliyopewa aliporuhusiwa hospitali.

Saa 6:20 mchana. Gari la rufaa la m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, linaingia kutoka zahanati. Mimba ya sita, hana kovu lolote. Uchungu tangu jana jioni, na nyumbani alinyweshwa mitishamba ya kuuongeza. Mama mkwe ananiambia, "Afadhali nesi, uchungu umetulia njiani."

Nywele zinanisimama. Uchungu mkali ukikatika ghafla na mtoto hajatoka, mimi nawaza jambo moja tu: mfuko umepasuka. Mapigo ya mama 130, presha 80/50, viganja baridi. Tumbo limepoteza umbo, viungo vya mtoto navishika kama viko chini ya ngozi. Kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu, kichwa kilikuwa kimeshuka, sasa kimerudi juu. Mapigo ya mtoto siyapati. Mkojo una damu. Ukeni damu ni kidogo, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu nyingi inamwagikia tumboni. Analalamika bega linauma: damu imefika kwenye kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na maumivu yake husikika begani.

Namwita dakta. Kanula mbili nene, dripu zikimbie, oksijeni, mpira wa mkojo, damu ya kupima kundi na kuoanisha. Utrasaundi hatuisubiri. Mume yuko machimboni, hapatikani. Mama ana akili timamu, anaelezwa kwamba huenda mfuko ukaondolewa, anaweka dole gumba mwenyewe.

Saa 7 kasoro dakika 5. Yuko mezani, kwa dawa ya usingizi, maana presha hii haivumilii sindano ya mgongo. Mtoto alikuwa nje ya mfuko, amefariki. Mpasuko uko upande wa kushoto, haujafika kwenye mlango wa kizazi, kibofu kizima. Ungeendelea kushuka, au damu ingegoma kukatika, mfuko ungetolewa. Dakta anaushona. Akishika mimba nyingine, lazima apangiwe upasuaji kabla uchungu haujaanza.

Saa 9 alasiri. Yule mwenye kovu: mapigo ya mtoto yanashuka hadi 90 na hayapandi. Mama haumwi popote zaidi ya uchungu wa kawaida, lakini mara nyingi mtoto ndiye hutangulia kutoa taarifa. Tunakimbia naye. Kovu limekuwa jembamba kiasi kwamba nywele za mtoto zinaonekana kupitia humo. Msichana, kilo 3.1, analia papo hapo.

Saa 11 jioni. Naketi na mama mkwe kwenye benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Simlaumu, alitaka kumsaidia mkwewe. Namuuliza ni dawa gani, alikunywa saa ngapi, nayaandika kwenye faili. Anauliza kama ni zile dawa zilizomuua mjukuu wake. Namwambia mtoto alikuwa amekwama, na dawa zilisukuma mfuko uliokuwa umekwisha choka. Analia. Kisha ananiambia jirani yao ana mimba ya miezi minane, na ameshaagiziwa kifurushi kama hicho. Namwomba namba ya simu ya huyo jirani, nampigia hapo hapo.