Basi la Lamu, na Bandari moyoni

Tarehe 31 Mei 2019 nilipanda basi la asubuhi Mombasa kwenda Lamu, Ramadhani ishafika kumi la mwisho na mamangu anataka watoto wote tuwe nyumbani Idd. Begi moja tu, na ndani jezi ya Bandari, timu yetu ya mpira ya Mombasa. Ligi Kuu ya Kenya ilikua imekwisha wiki ileile, Gor Mahia wamebeba ubingwa wao wa 18, sisi wa pili, na msimu wa nyuma pia tulikua wa pili nyuma ya haohao. Roho iliniuma kweli.

Maana msimu ule ulikua mgumu jamani. Ligi yetu zamani ilienda na mwaka, safari hii ikageuzwa iendane na kalenda ya mashindano ya Afrika, kwa hivyo mechi 34 za timu 18 zikabanwa kati ya Disemba na Mei, vijana hawapumziki, wakitoka mechi wanaingia barabarani, wakifika wanacheza tena. Na TV hakuna iliyokua ikionyesha. Sisi washabiki ama uende mwenyewe Mbaraki, uwanja wetu wa nyumbani, ukakae na jua lako ama ungoje aliye uwanjani akuandikie. Mimi nilikua naenda, nikitoka kazini moja kwa moja, na nasema bila kuogopa mtu, ile ndiyo Bandari tamu kuliko zote nilizoziona.

Kilifi tukapita, Malindi tukashuka kidogo kunyoosha miguu, baada ya Garsen ndo safari yenyewe ikaanza. Barabara ya Witu ilikua bado inajengwa, vumbi jekundu linaingia hata madirisha yakifungwa, kope za aliyekaa karibu nami zimekua nyekundu kama kapakwa hina. Kwenye ukaguzi tunashuka sote, kitambulisho mkononi, tunapita kwa miguu tunapanda tena mbele. Askari mmoja akafungua begi langu akaiona jezi, akaikunjua yote, akaitazama, akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. "Kesho mnachukua," akasema, akanirudishia.

Kesho yake ndo ilikua fainali ya Shield, lile kombe la mtoano la Kenya, uwanja wa Kasarani, Nairobi, Bandari na Kariobangi Sharks, mabingwa watetezi. Anayeshinda anaenda Kombe la Shirikisho Afrika, kwa hivyo msimu wetu wote ulikua umebaki pale.

Mokowe tulifika jua linashuka, nikadandia boti ya kuvuka kwenda kisiwani, maji ya kupwa, na ule upepo wa kusi usoni baada ya vumbi la siku nzima, hamna kitu kama hicho duniani.

Jumamosi alasiri nikamkuta ami kwenye baraza ya nyumba yake, nikamwamkia, akauliza habari za Mombasa, na kabla sijajibu akauliza habari za Bandari. Ami alifanya kazi Mombasa ujanani na aliiona Feisal, timu ya Pwani iliyochukua ubingwa wa Kenya 1965, na mpaka siku ile tuliyokaa pale barazani hakuna timu nyingine ya Pwani iliyoupata tena. Miaka 54! Akinihadithia alikua anachora kwa bakora kwenye vumbi, huyu akikaa huku, huyu akitokea huku, majina yote anayo.

Rafiki yangu alikua Kasarani ananiandikia. Mtandao unakuja unakatika, nikisimama karibu na ukuta hamna, nikienda kwenye kona ya kichochoro zinaingia mbili tatu pamoja, nasoma kwa sauti, ami yuko na tasbihi mkononi lakini haihesabu tena. Punda wakipita inabidi nijibane ukutani na simu juu.

Mama yangu mdogo akaleta sinia, tende, sambusa, tambi, akaliweka katikati yetu, hakuna aliyelitupia hata jicho. Halafu ujumbe ukaingia: imekwisha, 3-1, Bandari bingwa.

Nililia, mbele ya ami na watoto wa mtaa. Adhana ikaanza msikitini, ami akachukua tende akanitia mkononi, akaomba dua yake taratibu, akafuturu. Akanywa maji. Halafu akanigeukia.

"Hebu nisomee tena."