Tano au sita?

Wiki nzima nimehangaika na ankara za mteja wangu wa Kariakoo. Kwenye kompyuta yangu hapa Sinza PDF iko safi. Kwenye simu yake tarakimu zina ukungu kama kioo cha daladala siku ya mvua. "Kaka, hii ni tano au sita?" Nikalisingizia bando lake.

Kumbe kosa langu. PDF.js, programu ninayotumia kuonyesha PDF ndani ya kivinjari, huchora ukurasa kama picha kwenye kanvasi (eneo la kuchorea la ukurasa wa wavuti), na A4 kwa kipimo cha 1, yaani bila kukuza, ni pikseli 595 kwa 842 tu. Simu yake ina skrini ya pikseli nyingi, hivyo picha inatanuliwa. Nikachora kwa kipimo cha 3, CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) ikairudisha picha kwenye upana wa skrini. Tano ikawa tano.

Ila faili la kurasa 60, zote zikichorwa kwa ukubwa huo, likaangusha kivinjari. Sasa nachora kurasa zinazoonekana tu.